Karatasi Zinazovumilia Fotokopi: Shajara ya Mazoezi ya Kiswahili, Darasa la Tatu

Jumamosi, 25 Januari 2025

Darasa langu lina watoto 94. Vitabu vya kiada tunavyo, ingawa watatu husomea kimoja, na kitabu cha shule hakiandikwi ndani. Ninachokosa ni kitu kidogo: ukurasa mmoja wa kazi, mtoto ausome, ahangaike nao robo saa, nami nisahihishe kabla ya kengele. Kwa hiyo nimejipa mradi. Kurasa thelathini kufikia likizo ya Juni: kumi za kusoma, kumi za sarufi, kumi za kuandika. Zichapike kwenye printa yoyote, na mwalimu yeyote azichukue bure.

Tuko Kwimba, mkoani Mwanza, nje kidogo ya Ngudu. Nyumbani Kisukuma, shuleni Kiswahili. Watoto hawa wamepitia ule mtaala wa KKK ulioanza 2015, miaka miwili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wao wanasoma kwa sauti bila kukwama. Kusoma hakunipi wasiwasi. (Sentensi hii nimeiacha ilivyo. Mbele kidogo itanitia aibu.)

Nilianza kivivu. Nikapakua kurasa za mazoezi za watoto wanaosoma Kiingereza nikidhani nitatafsiri tu, basi. Saa mbili zikaisha nikiwa na ukurasa mmoja unaofaa, nao ni wa kuunganisha nukta. Nusu ya kazi zile ni kumzoeza mtoto kwamba herufi zilezile husomwa hivi katika neno hili na vile katika neno lile. Sisi hatuna ugonjwa huo. A ni a popote uikutapo. Kurasa za vina nazo ni kichekesho, maana maneno yetu karibu yote huishia na irabu, mtoto atakuletea vina kumi kabla hujamaliza kueleza. Q na X hatuzitumii, na C haitembei bila H. Lakini sikuona hata ukurasa mmoja wa kumsaidia mtoto aliyekutana na neno kama "hawajatuletea". Neno moja tu, na ndani yake mna watu, mna kukanusha, mna waliokuwa wanangoja kuletewa. Ugumu wetu haumo kwenye herufi. Umo kwenye urefu.

Nimefuta faili zote. Naanza upya.

Jumapili, 2 Februari

Siku nzima imeishia kwenye sura ya herufi. Ile a ya magazetini, yenye kofia juu, siyo a ninayoandika ubaoni, na watoto wawili wa jirani niliowajaribisha waliitazama kama mgeni. Halafu nikachapa sentensi inayoanza na "Ili" kwa fonti ya Arial: I kubwa na l ndogo zikasimama kama vijiti viwili mapacha. Nimehamia kwenye Andika, fonti iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma. Ni ya bure, a yake ni ya duara kama ya chaki, na I, l na 1 kila moja ina sura yake. Jina lenyewe la Kiswahili, wala sikulitafuta kwa sababu hiyo.

Kompyuta nayo ina kiherehere. Imewekewa Kiingereza, hivyo kila nikiandika irabu tano inaikuza ya katikati: a e I o u. Nilikwisha kuchapa nakala kumi kabla sijaona. Zima usahihishaji wa kompyuta kabla ya kuandika chochote. Hili naliandika hapa ili nisilisahau nikibadilisha mashine.

Jumamosi, 8 Februari

Fedha kwanza. Steshenari ya karibu inatoza shilingi 100 kwa ukurasa wa fotokopi. Watoto 94 ni shilingi 9,400 kwa zoezi moja la robo saa, na mfuko wangu hauna robo saa nyingi za namna hiyo. Uamuzi: karatasi haiandikwi. Mtoto anasoma kwenye karatasi, anajibu kwenye daftari, karatasi inarudi kwenye boksi. Wawili wanashirikiana moja, na kila A4 inabeba kazi mara mbili halafu inakatwa kwa mkasi. Nakala 47 zinatoka kwenye A4 24. Shilingi 2,400, na seti ikitunzwa nitaitumia hata mwakani. Za mwandiko peke yake ndizo lazima ziandikwe juu yake, kwa hiyo nimezipunguza, zitabaki nne.

Kisha likaja ambalo sikulitegemea. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa ng na ng'. Watoto wa hapa hawahitaji kufundishwa kutamka ng', wamezaliwa nayo. Kwao mtoto ni ng'wana, na Mwanza yenyewe ni Ng'wanza. Wanachosahau ni ritifaa, kile kialama cha juu baada ya ng, wakishika penseli. Nikapanga upande mmoja ng'oa, ng'ara, ng'ata, ng'ombe, na upande wa pili ngoma, ngazi, nguo, ngano. Kijana wa steshenari akatoa nakala, kisha nakala kutoka kwenye nakala, kisha nyingine kutoka kwenye hiyo. Ya tatu ilipotoka ritifaa zilikuwa zimemezwa. Nimelipia ukurasa wa kufundisha ritifaa usio na ritifaa hata moja. Vistari vya kijivu vya kufuatishia mwandiko navyo vilikuwa madoa, kama karatasi imepigwa na mvua.

Kuanzia leo hakuna kijivu, ni nyeusi tupu. Vistari vya mwandiko viwe vya mikato myeusi myembamba. Ritifaa niikuze kuliko herufi zinazoizunguka, hata kama inaonekana ya kishamba. Na kila ukurasa uwe na nakala mama, ikae kwenye mfuko wa plastiki, isiazimwe mtu.

Jumatano, 19 Februari

Leo nilitoa imla ya maneno kumi. Zaidi ya nusu ya darasa waliandika "kalamu" pale nilipotaka "karamu". Nikakasirika, nikarudia kwa sauti ya juu, silabi kwa silabi: ka-la-mu! Mwalimu wa darasa la nne alikuwa anapita dirishani. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi ni Msukuma wa hapahapa. Kisukuma hakina r, na ulimi wangu ukiwa na haraka hurudi kwao. Watoto waliandika sawasawa kile nilichosema. Hapo ndipo nilipoona faida ya karatasi ambayo sikuwa nimeifikiria: karatasi haina lafudhi.

Jioni nimetunga ukurasa wa L na R. Sikutaka tena orodha ya maneno, nimetaka maana ndiyo ichague herufi. Kalamu au karamu: "Baada ya harusi kulikuwa na ______ kubwa." Kula au kura: "Wanakijiji walipiga ______." Fahali au fahari: "Ushindi wa timu yetu ni ______ ya shule." Mahali au mahari: "Baba alitoa ng'ombe kumi kuwa ______."

Alhamisi, 20 Februari

Ukurasa wa L na R umepita vizuri. Swali la mahari lilizua mjadala wa dakika tano, si wa herufi. "Mwalimu, kumi ni wachache."

Jumanne, 4 Machi

Nimerudi kwenye urefu wa maneno. Nimetengeneza ukurasa wa vipande, safu tatu. Ya kwanza: ni, u, a, tu, m, wa. Ya pili: na, li, ta, me. Ya tatu: soma, cheza, pika. Mtoto anachukua kipande kimoja kila safu, anaunganisha, anasoma, halafu anaonyesha kwa vitendo. Sita mara nne mara tatu ni maneno 72 kutoka kwenye nusu karatasi. Hakuna ukurasa mwingine ninaoupenda kama huu. Wale waliokuwa wakisoma "tu... tume... tumepi..." kwa kubahatisha mwisho wa neno walianza kuona viungio. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye tangu Januari sijamsikia akiongea, alisoma "mmecheza" akanyoosha kidole kwa safu nzima ya wavulana, kama anawashtaki.

Kwa furaha hiyo nikaongeza kipande cha "la". Nikavuna "atala ugali" na "tumela wali". Nikataka kuweka kosa kwa wino mwekundu, nikasita. Watoto walifuata kanuni ya karatasi yangu bila kuruka hata hatua moja. Ni lugha iliyoruka: vitenzi vifupi kama la, nywa, ja na fa havisimami peke yake kwenye nyakati hizi, vinakuja na ku yake. Atakula, tumekula. Nimechapa upya, kipande sasa ni "kula", na pembeni yake "kunywa" na "kuja". Maelezo sijaweka. Darasa la nne watayakuta huko.

Jumamosi, 15 Machi

Umeme ulikatika tangu jana mchana kwa sababu ya mvua, nimeandika kwa mkono.

Umoja na wingi. Nilitoa mfano mmoja juu ya ukurasa: Mtoto anacheza, Watoto wanacheza. Chini yake sentensi kumi za kugeuza. Watoto wakasoma mfano, wakagundua siri yake, yaani bandika wa- mbele ya kila kitu, wakamaliza kwa dakika sita. "Wati wanaanguka." "Wakono wanauma." Mwalimu wa darasa la nne (yuleyule wa dirishani) alishauri niandike majina ya ngeli juu ya ukurasa, A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, wakariri. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Msimamo wangu: mtoto wa miaka tisa upatanisho anauokota kwa sikio, jina la ngeli ni la kuwekea kumbukumbu baadaye. Halafu hawa siyo wageni wa jambo lenyewe. Kwa Kisukuma mmoja ni munhu, wengi ni banhu, hakuna aliyewakaririsha. Niliwauliza hivyo darasani, wakacheka kusikia Kisukuma kwenye kipindi cha Kiswahili, kisha mmoja akasema, "Kumbe ni kitu kilekile." Ndiyo.

Toleo la pili halina mfano hata mmoja. Sentensi zimechanganywa: mti unaanguka, jicho linauma, kikombe kimevunjika, mtoto analia. Makosa yamekuwa mengi zaidi, na mimi nimefurahi zaidi, kwa sababu sasa kila kosa linaniambia kitu.

Limezuka la vifaranga. Waliokwisha kushika ki- na vi- wakaandika "vifaranga vinakula", na kwa mantiki yao wako sahihi. Lakini kifaranga ana uhai, anakula. Kiboko anaogelea, kipofu anatembea. Nimewatengea ukurasa wao. Rafiki nao wamepata wao, maana wana tabia ya pekee: husemi "rafiki wangu", unasema rafiki yangu, rafiki zangu, na papo hapo rafiki yangu huyo anakuja, haiji. Sentensi moja, mapatano mawili. Ng'ombe kwa upande wake ni wangu kabisa, na hapa Kwimba hakuna mtoto anayekosea hilo.

Jumamosi, 29 Machi

Hii ndiyo aibu niliyoahidi.

Kurasa za ufahamu nilikwisha kutunga nne, kila moja hadithi ya maneno kama sitini na maswali matano chini. Alama zilikuwa nzuri mno. Wastani wa nne kwa tano, hata kwa watoto ambao nikiwauliza jambo kwa Kiswahili uwanjani hutabasamu tu na kuinamisha kichwa. Kitu kikawa kinanikereketa. Juzi usiku nikatunga hadithi ya upuuzi, maneno ambayo hayapo popote:

"Lopi alikipeka kitonzo kwenye mbasula. Kitonzo kilikuwa na shelu nyingi. Lopi alimpa Gando shelu mbili."

Maswali: Nani alikipeka kitonzo? Alikipeka wapi? Gando alipewa nini?

Jana nimewapa bila kusema neno. Lopi. Kwenye mbasula. Shelu mbili. Watoto 81 walipata yote matatu. Mmoja tu, kijana wa karibu na mlango, aliinua mkono: "Mwalimu, shelu ni nini?" Nikamwambia sijui. Akanitazama kwa huruma.

Kwa hiyo miezi miwili nimekuwa nikipima uwezo wa kutafuta neno kwenye karatasi na kulinakili. Kiswahili kinamsaidia mtoto kudanganya bila yeye kujua: herufi zinasomeka, viambishi vinamwonyesha nani alifanya na wapi, anajibu kwa usahihi na maana haijamgusa. Kwa mtoto anayelala na kuamka na lugha hii nyumbani pengine si hatari kubwa. Kwa hawa wangu, anaweza kumaliza shule ya msingi akisoma kama redio.

Kurasa zote nne za ufahamu nimezitoa kwenye boksi. Nyuma ya karatasi ni nyeupe, tutachorea.

Jumamosi, 12 Aprili

Kuchora ndiko kumeniokoa. Ukurasa mpya wa kusoma hauna swali hata moja. Una maagizo:

"Chora mti mkubwa. Chini ya mti, chora mbuzi wawili. Mbuzi mmoja amefungwa kamba shingoni. Mwingine amelala. Juu ya mti kuna ndege watatu, lakini mmoja anaruka kwenda zake."

Hapa hakuna pa kunakili. Ukiliona daftari unajua nani ameelewa "shingoni" na nani ameelewa "amefungwa". Nilipata mbuzi waliofungwa miguu, mbuzi waliofungwa mkia, mbuzi mmoja aliyefungwa pamoja na mti, ndege na kila kitu. Neno "lakini" lilipita juu ya vichwa vya wengi; ndege wote watatu wametulia tawini. Sikuwa najua kwamba "lakini" ni neno gumu. Sasa lina ukurasa wake, pamoja na "ingawa" na "kwa sababu".

Kusahihisha nako kumekuwa kwepesi. Madaftari 94 kwa dakika arobaini, na sijasinzia.

Mwalimu mkuu alipita akakuta darasa zima linachora kipindi cha Kiswahili. Akasimama mlangoni muda mrefu. Nikampa karatasi asome. Akaisoma, akachukua chaki, akachora ubaoni. Mbuzi wake alifungwa kamba kiunoni. Sikusema kitu, na watoto, kwa heshima yote, nao hawakusema.

Jumamosi, 10 Mei

Wiki mbili za mitihani, mradi umelala. Nimefanya ukurasa mmoja tu, wa silabi, na umezua ubishi kwenye chumba cha walimu. "Mtoto" ni silabi tatu, m-to-to, ile m inasimama peke yake. "Mbuzi" ni mbili, mbu-zi. Wengine walikuwa wanagawanya mto-to, kama vile mtoto ana mto mbele. Nimewawekea "mbuni": yule ndege mrefu ni mbu-ni, mti wa kahawa ni m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale, hesabu ya makofi inabadilika. Watoto walipiga makofi kwa fujo kiasi kwamba darasa la jirani likaleta malalamiko.

Jumamosi, 24 Mei

Kurasa 23 zimekamilika. Hazitafika thelathini kabla ya likizo, na mgawanyo wa kumi-kumi umekufa zamani: sarufi tisa, kusoma nane, kuandika sita, hizo sita zikiwamo zile nne za mwandiko. Kuandika ndiko kumechelewa. Kila nilichotunga kilikuwa aina moja: "Andika sentensi tano kuhusu ng'ombe." Wanaandika. Ng'ombe ni mnyama. Ng'ombe ana miguu minne. Ng'ombe anatoa maziwa. Sentensi hizo nilizikariri mimi, alizikariri baba yangu. Ukizisoma huwezi kujua kama aliyeziandika amewahi kuchunga, na hawa wanachunga kila Jumamosi.

Juzi nimegeuza ukurasa wa kuchora. Sasa mtoto wa kwanza anaandika maagizo, anamkabidhi jirani, jirani anachora bila kuuliza. Mwandishi haruhusiwi kusema wala kuonyesha kwa kidole; akiona picha imeharibika, arekebishe maandishi. Ukurasa wenyewe ni kama mtupu, una mistari sita ya kuandikia na boksi la kuchorea, ndio wa bei rahisi kuliko zote. Kelele zilikuwa nyingi. Kwa mara ya kwanza niliona mtoto akirudisha nukta mahali pake bila kuamriwa, kwa sababu mwenzake alisoma sentensi mbili kama moja akamchorea bibi aliye ndani ya sufuria.

Kijana wa karibu na mlango, yule wa shelu, aliandika: "Chora nyumba. Ng'ombe yuko nyuma ya nyumba." Ritifaa ilikuwepo. Jirani yake akachora nyumba, akaweka penseli chini. "Ng'ombe yuko wapi?" mwenye maagizo akafoka, kinyume cha sheria. "Yuko nyuma ya nyumba. Haonekani." Wakaniletea kesi. Nikasoma maandishi, nikatazama picha, nikasema mchoraji ana haki. Kijana akachukua karatasi yake, akaenda kukaa, akafikiri, akaongeza mstari mmoja na kuirudisha.

"Mkia wake unaonekana."